Mkate kwa Tekla, Nyama Kwangu

Verbivka, Saskatchewan
15 Januari 1974

Mwanangu mpenzi Orysia,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima kama inavyotuacha sisi huku, wazima, isipokuwa kwa hayo nitakayokueleza chini. Baba yako Havrylo anakusalimu sana. Bibi yako Varvara anakusalimu, anasema huko Toronto uvae soksi mbili, moja juu ya nyingine. Kaka yako Ostap anakusalimu na mkewe Sonia, na mapacha wao wanakusalimu, yule mdogo bado anashindwa kutamka jina lako anakuita Risha. Padre Ilarion anakusalimu na kuuliza kama huko unapata kanisa. Shangazi yako Tekla anakusalimu, na hizo salamu zake nimeziandika kwa sababu amesimama nyuma yangu anasoma. Sasa ameondoka. Ng'ombe wetu Krasa amezaa dume, tulitaka jike, lakini Mungu hapangiwi. Baridi ni ile ile, maji ya ndoo yanaganda kabla sijafika nayo mlangoni.

Mwanangu, kilichonifanya nishike kalamu ni baba yako. Unaijua ile lifti ya ghala la ngano la kampuni, ya kujivuta kwa kamba, yenye kasha la vyuma upande wa pili ili uzito wa vyuma ulingane na wa mtu. Basi tangu mavuno ameongeza chuma kimoja kwenye kasha, halafu kingine, halafu kingine. Mimi nilidhani vyuma vimechoka. Kumbe ni yeye anayenenepa. Wiki iliyopita kampuni ikampeleka kwa daktari wa mjini, kama wanavyofanya kila mwaka, na daktari akamwambia, "Bwana Havrylo, moyo wako mmoja unavuta mzigo wa farasi wawili. Punguza ratili thelathini. Baada ya Pasaka urudi nikupime, na kama hujapungua sikutilii sahihi ya kufanya kazi kwenye ghala." Bila sahihi hakuna kazi, na nyumba hii ni ya kampuni, unajua. Baba yako alinisimulia akicheka. Mimi sikucheka. Usiku namsikiliza anavyopumua.

Wewe unafanya kazi kwenye hiyo klabu ya watu wanaopunguza unene. Sijaelewa vizuri kazi yako, Sonia anasema unasimama karibu na mizani na kuwapigia makofi wanaopungua. Kazi ni kazi. Basi waulize hao wakubwa wako mtu afanye nini, uniandikie kwa maneno rahisi.

Na wewe mwenyewe unakula? Una ratili ngapi siku hizi? Na Pasaka utakuja?

Nijibu upesi, baba yako anakula sasa hivi ninapoandika.

Mama yako,
Yevdokha

*

Toronto
29 Januari 1974

Mama mpendwa,

Milele amina. Wasalimie wote, mmoja mmoja, hata Krasa. Mwambie Bibi nimevaa soksi mbili.

Nakutumia kijitabu chetu. Nakueleza kwa kifupi kwa sababu kimeandikwa na mtu anayependa maneno marefu. Baba aache mkate, viazi, tambi, uji na sukari. Wanga wote. Lakini nyama, mayai, siagi, jibini na mafuta ya nguruwe ale mpaka ashibe. Ndiyo, Mama, umesoma sawasawa. Mafuta ale.

Nikwambie ukweli, hapa klabuni wako wasiokubali. Jengo letu lina ukumbi wa juu na wa chini. Sisi wa juu tunasema adui ni wanga. Wa chini wanasema adui ni mafuta, nao wanakula mkate mkavu na viazi vya kuchemsha. Hatusalimiani kwenye ngazi. Jumatatu iliyopita bibi mmoja wa chini alimtupia mwenzetu kiazi. Bi Winnifred, mkubwa wetu, alisema tusikiguse, tukakipita kama maiti.

Baba aanze mara moja. Mambo mengine tutaongea.

Wako,
Orysia

*

Verbivka
12 Februari 1974

Mwanangu mpenzi Orysia,

Tumsifu Yesu Kristo. Sote wazima. Baba yako, Ostap, Sonia, na mapacha wamepona kikohozi. Bibi yako hali yake utaisikia. Ndama tumemwita Senator kwa sababu halali, anasinzia amesimama.

Kijitabu kilifika na nikakifuata neno kwa neno, Sonia akinisomea palipokuwa pagumu. Asubuhi mayai na mafuta ya nguruwe. Mchana nyama. Jioni soseji na kabichi. Mkate nikaufungia ghorofani. Baba yako siku ya kwanza alisema hii ndiyo dini aliyokuwa akiitafuta.

Lakini, mwanangu, umesahau tunaishi wapi. Hapa ni nchi ya ngano. Mkulima Semko alileta ngano yake ghalani, akamwona baba yako anakula soseji mkononi bila mkate. Akamwuliza, "Havrylo, mkate uko wapi?" Baba yako akamjibu kweli tupu, "Nimekatazwa, ngano inanenepesha." Semko akazima lori. "Unanunua ngano yangu lakini huwezi kuitia mdomoni? Ina kasoro gani? Unajua kitu tusichokijua?" Kufika jioni kijiji kizima kinasema mnunuzi wa ngano anaiogopa ngano. Wakulima wawili wamepeleka mizigo yao ghala la kituo cha pili.

Bibi yako naye, unajua njaa aliyoiona kule kwetu kwa zamani. Alipouona mkate umefungiwa alikaa kitandani akalia. "Nilivuka bahari kukimbia njaa," akasema, "na leo mwanangu anaiagiza kwa posta." Nikampa mkate alale nao.

Sasa sikiliza la Tekla. Shangazi yako ameona kwenye gazeti kwamba adui ni mafuta, kama hao wenu wa chini. Basi baba yako akitoka ghalani anapitia kwa dada yake kuvuka reli, anakalishwa mezani, anapewa mkate mkavu, viazi na tambi za maji, bila tone la mafuta. Nilimfuata nikamwambia, "Wifi, unaniharibia mgonjwa." Akaniambia, "Wewe ndiye unayemjaza mafuta kama taa." Nikamwambia, "Kijitabu changu kimetoka Toronto." Akasema, "Na gazeti langu lilitoka wapi, zizini?" Baba yako alikuwepo. Unajua alisema nini? Alisema anatuheshimu sote wawili. Kwangu anafuata sheria yangu, kwa dada yake anafuata ya dada yake. Mkate kwa Tekla, nyama kwangu. Nikamwuliza, "Na tumboni vinapita milango tofauti?" Akajifanya hasikii.

Hata hivyo anapungua! Ananiambia ameondoa vyuma viwili kwenye kasha la lifti. Nimemshukuru Mungu. Mizani nyingine hatuna, ile ya ghala ni ya malori, ukisimama juu yake sindano inakutazama tu.

Hukunijibu kuhusu Pasaka. Wala kuhusu ratili zako. Labda ukurasa ulipotea bahashani.

Niandikie haraka.

Mama yako,
Yevdokha

*

Verbivka
3 Machi 1974

Mwanangu Orysia,

Tumsifu Yesu Kristo. Sijapata jibu lako lakini naandika kwa sababu jambo lenyewe haliwezi kusubiri posta. Salamu za wote, nitazitaja nikitulia.

Mwanangu, Kwaresima imeingia. Mimi na wewe tulisahau wapi akili zetu? Padre anasema kuanzia Jumatatu iliyopita hakuna nyama, hakuna mayai, hakuna siagi, hakuna jibini wala maziwa mpaka Pasaka. Kijitabu chako kinasema hakuna mkate, hakuna viazi, hakuna tambi, hakuna uji wala maharage. Nilikaa mezani nikatoa kila kitu kwenye stoo. Upande huu nikaweka alivyokataza Padre, upande huu alivyokataza Bi Winnifred. Katikati ikabaki kabichi iliyochachuka, matango ya chumvi, na uyoga uliokaushwa ambao Bibi yako aliuokota mwaka juzi.

Basi ndicho anachokula. Kabichi asubuhi, matango mchana, kabichi na uyoga jioni. Juzi kanisani tumbo lake liliimba katikati ya Injili mpaka Padre akanyamaza kulipisha. Nilimwendea Padre, nikamwomba ruhusa ya yai moja tu, kwa ajili ya ugonjwa. Padre ni mtu mzuri, angekubali. Lakini baba yako akanikatiza, akasema, "Sijavunja Kwaresima tangu nizaliwe, sitaivunja kwa ajili ya koti la suruali." Sijui alimaanisha nini. Njaa inamchanganya maneno.

Sasa waulize wakubwa wako Mkristo wa kwetu afanye nini. Lazima wawe na ukurasa wa Kwaresima mahali. Ukiupata utume siku hiyo hiyo.

Mama yako

Unakuja Pasaka au huji?

*

Toronto
14 Machi 1974

Mama mpendwa,

Milele amina. Nisamehe kuchelewa, kazi ilikuwa nyingi.

Vyuma viwili! Habari ilitangazwa ukumbini, watu wote wakasimama kumpigia Baba makofi. Bibi mmoja alilia. Mwambie Baba kuna watu hapa wasiomjua wanaomwombea.

Nilimwuliza Bi Winnifred habari za Kwaresima. Akauliza ni ya siku ngapi. Nikamwambia. Akauliza kama inaweza kuhamishiwa kiangazi. Nikamwambia haihami. Akafikiri, akasema klabu haijawahi kushindana na Mungu.

Mama, usikasirike na hili ninalosema. Nimeyatazama yote mawili. Chakula cha Shangazi Tekla, kisicho na nyama wala mafuta, ndicho Kwaresima yenyewe. Mpaka Pasaka, Baba ale kwa Shangazi. Baadaye utamrudisha kwako.

Mengine nitakuandikia. Nina haraka.

Orysia

*

Verbivka
25 Machi 1974

Orysia,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeipata. Tuko wazima.

Habari za baba yako muulize shangazi yako Tekla. Anuani yake unaijua, ni kuvuka reli.

Y.

*

Toronto
5 Aprili 1974

Mama yangu,

Usininunie, nakuomba. Barua yako nimeisoma mara nyingi na kila mara inazidi kuwa fupi.

Sikusema Shangazi ana akili kukushinda. Nilisema kabichi haitoshi kumbeba mtu mzima. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mwenye njaa haendeshi trekta.

Pasaka sitakuja. Kazi hairuhusu. Tafadhali usiniulize zaidi, na usimwache Sonia akaniuliza kwa niaba yako, namjua. Nibakizieni kipande cha paska, ule mkate wako wa Pasaka.

Baba anapanda bado ile lifti? Niambie kweli.

Nakupenda. Nijibu, hata kwa mistari miwili.

Orysia

*

Verbivka
30 Aprili 1974

Mwanangu mpenzi, binti yangu wa pekee Orysia,

Kristo amefufuka! Watu wa posta walikuwa wamegoma, ndiyo maana umekaa bila neno, si kwamba nimenuna. Nilinuna, lakini imeisha. Baba yako anakusalimu, na uzisome salamu hizo vizuri kwa sababu tulikaribia kuzikosa. Bibi yako anakusalimu. Ostap, ambaye amekuwa mwanamume kweli, anakusalimu, na Sonia na mapacha. Padre anakusalimu. Shangazi yako Tekla anakusalimu, na safari hii nimemwambia mwenyewe njoo ukae, tuandike pamoja.

Ilikuwa Jumamosi Kuu. Jua lilitoka, la kwanza tangu Oktoba, theluji inadondoka paani. Watu wote walikuwa njiani kwenda kanisani na vikapu vyao vya kubarikiwa, paska, mayai na soseji, na njia unajua inapita mlangoni mwa ghala. Baba yako akasema kule juu dirisha limeachwa wazi, njiwa wanaingia, ngoja nikalifunge. Tangu Ijumaa hakuwa ametia kitu mdomoni. Akaingia kwenye lifti, akafungua komeo.

Ostap alikuwa pale, anasema hakuona kitu, aliona tu soli za viatu. Lifti ilipaa! Haikuvutwa na mtu, ilimchukua kama malaika anamchukua mtakatifu, ikagonga juu, pu! na kasha la vyuma likatua chini likatikisa sakafu. Ile kamba ya kuvutia ikaruka kwenye gurudumu ikajisokota huko huko juu. Halafu sauti ya baba yako, mbali, "Yevdokha, nadhani nimepungua."

Nilifika nikiwa na kikapu. Nikamwita, "Havrylo, teremka kwa ngazi!" Akajibu, "Ngazi imesimama wima kama mshumaa, na kichwa kinazunguka." Na kweli, mwaka mzima mtu huyo hainami kufunga viatu vyake. Ikabidi lifti ishushwe kwa njia moja tu, kupunguza vyuma kwenye kasha kule chini ili yeye awe mzito kuliko kasha. Lakini vingapi? Ukitoa pungufu hashuki. Ukizidisha, mwanangu, anakuja kama gunia kutoka juu ya ghala.

Ostap akauliza, "Amepungua ratili ngapi?"

Nikasema, "Mimi nilimpunguza vyuma viwili kabla ya Kwaresima. Alivitoa mwenyewe."

Tekla akasema, "Uongo! Viwili nilimpunguza mimi, na alivitoa mwezi wa Machi. Aliniapia."

"Basi jumla vinne," akasema Semko.

Ostap akafungua kasha. Vyuma vyote vilikuwemo. Vyote! Hata kile cha mavuno. Hakuwahi kutoa hata kimoja, alitudanganya sote wawili, kila mtu jikoni kwake.

Basi hapo, Orysia, kila mtu akageuka kututazama mimi na Tekla, tuseme ukweli, dawa ya nani ilifanya nini. Na mimi mdomo wangu ulitaka kusema thelathini. Nakuambia wewe kwa kuwa u mwanangu. Ulitaka kusema thelathini kumwonyesha Tekla. Halafu nikaona lile kasha, nikafikiri, nikisema thelathini, Ostap atatoa vyuma vitatu, kila kimoja ratili kumi, na kama si kweli nitakuwa nimemuua mume wangu kwa majivuno. Nikasema, "Sijui." Nikamtazama Tekla. Amekuwa mweupe kama unga. Akasema, "Na mimi sijui, wifi. Viazi nilimpikia kwa siagi. Alikuwa analalamika."

Padre Ilarion akaja amevaa vazi lake na kopo la maji ya baraka, akapiga kelele kuelekea juu, "Havrylo! Mwanangu! Hapa si mahali pa kuona haya. Umekula nini Kwaresima hii?"

Njiwa wakaruka. Padre akapaza sauti zaidi,

"Havrylo, maisha yako yako kwenye hesabu!"

Basi akaanza. Kijiji kizima kimesimama chini na vikapu, na sauti inatoka mawinguni. "Varenyky kwa Tekla, Jumanne!" Padre akasema, "Zile za unga uliokunjwa na viazi ndani? Hizo si dhambi." "Na malai ya maziwa juu yake!" Watu wakaguna. "Kwa Semko nilikula soseji." Semko akavua kofia, akasema alimlisha ili arudishe imani kwenye ngano, soseji ilikuwa ndani ya mkate. "Kwa mama Ostap kabichi." Mama Ostap ni mimi. Akaongeza, "Kabichi hiyo nilimpa mbwa!" Bibi yako Varvara, ambaye tulimfikishia kiti, akacheka peke yake, akasema, "Mwanangu hajafa njaa. Asante Mungu."

"Basi hajapungua," akasema Ostap. "Sasa kwa nini amepaa?"

Wakaanza kubishana, mwingine atoe viwili, mwingine asitoe, mwingine tuite wazima moto wa mjini, mwingine tumpandishie paska kwa kamba aongezeke uzito. Mwalimu wa shule akasema hana haja ya kuila, akiishika tu inatosha. Baba yako akasikia, akapiga kelele, "Nitaila!"

Mimi sikuwa nasikia tena. Nilikuwa nimesimama chini ya shimo la lifti natazama juu, naona giza na kitu kidogo cheupe, shati lake. Na nilisema moyoni, Mungu, nirudishie na unene wake wote. Nirudishie na ratili thelathini, na nyingine thelathini juu ukipenda. Sitafunga tena mkate. Nikamwambia Ostap, "Toa kimoja, mwanangu. Kimoja tu, polepole, halafu ungoje."

Akatoa kimoja. Hakuna kitu. Tekla akanishika mkono. Akatoa cha pili. Lifti ikalia, ikatetemeka, na baba yako akaanza kushuka, taratibu, taratibu, kama bibi harusi anateremka ngazi, kwanza viatu, halafu tumbo, muda mrefu tumbo, halafu uso. Padre akamrushia maji ya baraka kabla hajafika chini.

Tukahesabu, vyuma viwili, ratili ishirini. Tekla akaninong'oneza, "Ishirini, wifi! Kumi zako, kumi zangu." Tukakumbatiana. Hapo Ostap akauliza, "Baba, koti lako liko wapi?"

Koti la manyoya ya kondoo lilikuwa limening'inia msumarini, na buti zake za manyoya chini yake. Siku zote majira yakibadilika anatoa vyuma vya koti, mwaka huu njaa ilimsahaulisha. Tulilipeleka kwa Tekla kwenye mizani yake ya kupimia kuku, isiyobeba mtu. Koti, buti, na mifukoni, Mungu anisamehe, mfuko mmoja mkate wa Tekla, mfuko wa pili mafuta ya nguruwe ya kwangu, yaliyokatwa vizuri kulingana na mkate. Vyote pamoja ratili kumi na sita.

Kwa hiyo Kwaresima nzima, kijitabu chako, gazeti la Tekla, kilio cha Bibi yako na machozi ya yule mama wa Toronto, ni ratili nne. Tumegawana, mbili mbili.

Waambie wa juu na wa chini wasalimiane.

Daktari tumemsogeza mwezi ujao, kwa ajili ya mgomo barua yake ilichelewa. Naogopa, Orysia. Nyumba hii naipenda, lakini moyo wake naupenda zaidi. Na wewe kuna kitu hunielezi. Nimekulea, najua barua zako zinapokuwa na haraka.

Niandikie upesi, upesi kuliko siku zote.

Mama yako,
Yevdokha

*

Toronto
13 Mei 1974

Mama,

Kwa kweli amefufuka. Nilisoma barua yako ndani ya tramu nikacheka hadi nikashuka kituo kisicho changu. Halafu nilipofika "nirudishie na unene wake wote" nikakaa kwenye benchi.

Basi nitakwambia. Sikuja Pasaka kwa sababu sienei kwenye gauni, wala sketi, wala lile koti jekundu ulilonishonea. Nimenenepa, Mama. Sana. Hapa sisi wafanyakazi tunapimwa mbele ya ukumbi mzima. Mwezi wa Januari niliondolewa kwenye kupiga makofi, wakaniweka chumba cha nyuma nabandika stempu kwenye vijitabu. Kile nilichokutumia nilikibandika mwenyewe. Hicho cha nyama na mafuta nilikifuata. Cha chini nacho nilikifuata, kwa siri, nikipita kwa mlango wa uani. Nikirudi chumbani jioni naona upweke, napika varenyky. Na sijui kupika varenyky za mtu mmoja. Ulinifundisha kwa bakuli lile kubwa, za watu kumi. Nakaa na watu kumi mezani, nawala wote.

Nilikuwa nawaandikieni namna ya kupungua huku naogopa kupita mlango wenu. Ungeniona ungesema nini? Na Shangazi? Na Semko?

Daktari alisema nini?

Orysia

*

Verbivka
2 Juni 1974

Mwanangu mpenzi Orysia,

Tumsifu Yesu Kristo. Baba yako mzima, Bibi yako mzima, Ostap na Sonia wazima, mapacha wamevunja dirisha, Tekla mzima, Padre mzima, Senator sasa analala.

Daktari amempima Jumatano. Unajua tangu siku ile baba yako hataki kuiona lifti. Anasema imemwonyesha nia yake. Anapanda kwa ngazi, ile ile iliyosimama wima, asubuhi kwenda kutazama mapipa ya ngano, mchana tena, jioni tena, mwanzo akipumzika kila hatua na kumtaja mtakatifu, sasa anapanda anapiga mluzi. Kula anakula kwangu na kwa Tekla, mkate na nyama kwa pamoja, hadharani, na wakulima wamerudi. Daktari alitazama mizani, akagonga kwa kidole, akatazama tena. Amepungua ratili ishirini na saba, tatu akamsamehe. Akatia sahihi. Akauliza, "Bwana Havrylo, ulifuata lishe gani? Wagonjwa wangu wanataka kujua." Baba yako akasema, "Daktari, mimi nimekula kila kitu. Ni woga ndio ulionila mimi."

Sasa hayo yako. Barua yako sikumpa Sonia anisomee. Niliisoma mwenyewe, taratibu, kidole chini ya kila neno, mpaka mwisho. Unauliza ningesema nini nikikuona. Ningesema ingia, unaachia baridi. Tekla angesema umefanana na bibi yake, alikuwa mwanamke mkubwa, mzuri, aliyezaa kumi na kuzika waume wawili. Semko angesema hatimaye yuko mtu anayeiheshimu ngano. Bibi yako nilimwambia umenenepa, akafanya ishara ya msalaba kwa furaha, akaomba nimwambie tena.

Varenyky za mtu mmoja hazipo, mwanangu. Hata mimi sizijui. Anayezipika ana kosa moja tu, kukosa wale tisa. Kanuni ni sahihi.

Acha stempu zao. Njoo. Koti jekundu nimelitafutia kitambaa cha kuongezea ubavuni, mjini walikuwa na rangi inayokaribia. Ukitaka kupungua ngazi ipo, baba yako atakutangulia. Usipotaka, kiti kipo.

Niandikie treni gani, siku gani. Andika leo, usingoje kesho, mwanangu, unga nimeshaukanda na sasa hivi unaumuka.

Mama yako,
Yevdokha